Bunduki za Mjomba wa Emil

Zainabu,

Begi lako kubwa nimelisogeza karibu na mlango. Sikuandikii habari za soksi za sufu, wala dawa ya mafua, wala kumpigia bibi yako simu kila Ijumaa. Shangazi yako ameyasema yote hayo kwa sauti kubwa kuliko yangu, na wewe ulikuwa unaitikia "ndiyo, shangazi" huku unachezea simu. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni bunduki. Na nina hasira. Nakuambia mapema ili usije ukafika katikati ukashangaa.

Naandika kwa sababu tangu jana mchana hutaki kusema nami, na kesho unaondoka. Naandika kwa Kiswahili ingawa najua kwa Kifaransa ungesoma haraka zaidi. Sitaki usome haraka.

Tuanze na Jumapili iliyopita. Tumekaa mezani, baba yako anamenya chungwa, nawe ukatoa habari yako kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kwamba huko Uswidi, kwenye chuo chako cha misitu, wanafunzi wengi hufanya mtihani wa uwindaji. Kwamba yule kijana Emil mnayeandikiana, atakayekuwa darasa moja na wewe, ana mjomba anayeuza bunduki mbili. Moja raifo kubwa, ya kumpigia yule kulungu wao mwenye mwili kama wa ng'ombe. Nyingine bunduki ya marisawa, ndefu na nzito, ya kulengea visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Zote mbili kwa mkupuo. Na umeshamwambia akuwekee mpaka upate kibali.

"Bei ya kutupa, Mama," ulisema.

"Umezishika?"

"Nimeona picha."

"Picha! Bunduki inanunuliwa kwa picha?"

"Mama, ni bunduki, siyo kiatu."

Ningekujibu pale pale kwamba ni kiatu hasa, tena kiatu cha kutembea nacho mwendo mrefu. Sikuwahi. Nikasema tu, anza na ndogo, kama yangu. Ukatabasamu na kusema, "Yako? Mama, arrête, acha utani. Ile ni bunduki ya kike."

Baba yako akacheka. Mimi nikainuka nikaenda jikoni kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Hukujua ulichokisema. Maneno hayo hayo niliambiwa wewe ukiwa bado unajifunza kusoma, kwenye duka moja humu humu Brussels, na mwanamume niliyetamani kumpiga kofi. Sijawahi kukusimulia kwa sababu niliona aibu. Aibu hiyo leo imenichosha, basi sikiliza.

Kwetu Sikonge babu yako alikuwa na gobore. Kaka zangu alikwenda nao porini, wakarudi na kanga wamewafunga miguu. Mimi kazi yangu ilikuwa kunyonyoa. Nilinyonyoa kanga wengi mno, na nilipokula nilitema chembe za risasi kwenye kiganja, nikizitazama. Siku moja nikaomba kwenda. Babu yako hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Aliniangalia kwa huruma, akasema, "Wewe kazi yako ni chungu, mwanangu." Nikarudi kwenye chungu. Lakini sikusahau, na nikaja na kinyongo hicho mpaka Ubelgiji bila kujua kwamba nimekibeba.

Tonton Fidèle, huyo unayemwita mjomba, unamjua. Wewe unamjua kwa mashati yake ya maua na kicheko chake, lakini mimi nilimjua kwanza kama mfanyakazi mwenzangu kule hospitalini Jette, chumba cha eksirei. Ni mtu wa Lubumbashi, na mwisho wa wiki alikuwa akienda nje ya mji kulenga visahani. Alitualika wote wa kazini. Nikaenda peke yangu. Akaniazima bunduki ya klabu, nyembamba, nyepesi.

"Bon, maman, weka shavu hapa kwa mbao. Usifunge macho. Ukifunga macho, utapiga nani?"

Kisahani kikarushwa. Kilikuwa kinakimbia juu ya miti, kisha hakikuwepo tena, palikuwa na vumbi tu. Tonton Fidèle akapiga kelele hadi watu wakageuka. Jioni hiyo alinipeleka Matonge, mtaa wa Wakongo, kula samaki, akamwambia kila aliyeingia mlangoni, "Huyu maman anapiga! Kisahani kimekufa!" Yule mama muuza samaki akanishika mkono, akaugeuza juu chini kuutazama, akasema hakuna mkono kama huo unaopiga bunduki. Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Sijui kama nimewahi kukuambia kwamba siku hiyo ni moja ya siku nzuri za maisha yangu.

Basi nikataka yangu. Nikafanya mtihani wa leseni ya ulengaji, nikaenda kwa daktari kupata cheti, polisi wakaja hapa Auderghem kuona kabati la chuma litawekwa wapi. Yote hayo niliyafanya bila mtu. Tonton Fidèle akaniambia, "Dukani ningoje, maman, tutaenda pamoja." Nikajibu nitakwenda mwenyewe.

Nilipoingia, muuzaji alitazama nyuma yangu, kuona nani anafuata.

"Mume wako anakuja?"

"Nanunua mimi."

Hakuniuliza nitalenga nini, wapi, mara ngapi. Akaingia chumba cha nyuma, akatoka na bunduki ndogo iliyotumika, mbao yake ya kahawia imechubuka kidogo. Akaiweka juu ya kaunta. "Hii hapa," akasema, "bunduki ya kike."

Zainabu, damu ilinipanda kichwani. Nikamwona babu yako, nikawaona kaka zangu, nikakiona chungu. Sikuigusa ile ndogo. Nikanyoosha kidole ukutani, kwenye ndefu kuliko zote, kaliba kumi na mbili, nzito kama mchi. "Nataka ile."

Akaishusha. Nikaiweka begani. Kitako kikanikwama kwapani kwenye koti, na nilipofanikiwa kukipandisha ilibidi nivute shingo kama bata ili jicho langu lifike kwenye mstari wa mtutu. Haikuwa yangu. Mwili wangu ulijua papo hapo. Naye muuzaji alijua, kwa sababu nilimwona akiona. Akatabasamu, akaandika risiti.

Mpaka leo nina hasira naye. Mtu anayeuza viatu akikuona unachechemea huku unajaribu, anakuambia. Huyu alinyamaza akachukua akiba yangu ya mwaka mzima. Lakini ile bunduki hakuichagua yeye. Niliichagua mimi, au tuseme hasira yangu ndiyo iliyoichagua, na hasira haijui kupima urefu wa mkono.

Mwaka ule nilipigwa. Bunduki yoyote hupiga teke, hilo unalijua, lakini ikikufaa teke linaenea mwilini likaisha. Isipokufaa linakutafuta mahali pamoja. Bega langu lilikuwa jeusi, kisha kijani, kisha njano, na kabla halijapona Jumapili nyingine imefika. Shavu likavimba. Kazini nikawa napaka poda. Siku moja muuguzi mmoja, mwanamke mpole tuliyekuwa tunasalimiana tu, aliniona nikibadilisha sare. Akafunga mlango. Akaniuliza taratibu sana, "Nani anakupiga nyumbani?"

Nikaanza kucheka. Halafu nikalia. Nikamwambia ni bunduki yangu, naye hakuamini, na kwa muda mrefu baadaye alikuwa akimtazama baba yako kwa jicho baya alipokuja kunichukua. Baba yako hajui mpaka leo kwa nini. Usimwambie. Au mwambie, kwa kuwa anapenda kucheka.

Na sikupata kitu. Visahani vilipita juu yangu vikatua majanini vizima. Nikabadilisha risasi, nikabadilisha miwani, nikasema upepo. Watu wa klabu walinifundisha kusimama hivi na vile. Hakuna aliyesema ni bunduki, kwa sababu kila aliyeitazama nilimwinulia kidevu kama mtu anayeonyesha nyumba yake mpya.

Ndipo tonton Fidèle akafanya alichofanya. Asubuhi moja, mbele ya foleni ya watu, alichukua bunduki yangu kama anayenisaidia, akaniwekea risasi ya bandia, ile isiyo na baruti, bila kuniambia. Kisahani kikaruka, nikavuta triga. Hapakuwa na mlio wala teke. Lakini mimi niliruka! Nilifunga macho, nikajikunja, mtutu ukachovya chini kama mtu anayepiga jembe. Nilikuwa namkwepa mnyama ambaye hayupo. Watu wote wakaona kwamba tatizo si upepo. Wengine wakacheka.

Nyumbani nikaifungia bunduki kwenye kabati, na tonton Fidèle sikumsemesha. Fikiria, tunafanya kazi chumba kimoja, tunapitishiana wagonjwa, na mimi namwambia "bonjour" kama ninayemtemea mate. Miezi ilipita hivyo. Niliacha jambo nililolipenda ili tu nisikubali mbele ya watu kwamba nilinunua vibaya. Hilo ni kosa kubwa kuliko la dukani, na sina muuzaji wa kumsingizia.

Mwisho nilichoka. Nikaenda kukaa mbele yake kwenye kantini.

"Papa Fidèle, ile bunduki ilikuwa kubwa kwangu."

Hakuinua macho kwenye supu yake. "Mi nilijua depuis siku ya kwanza, maman."

"Na hukuniambia!"

"Ulikuwa unaniuliza? Haukuuliza. Ulikuwa unanionyesha tu."

Nilikasirika upya, nikakaribia kuinuka. Lakini njaa ilinizuia, na supu ilikuwa ya moto, nikala. Kabla ya kumaliza sahani tukapanga kukutana klabuni Jumapili.

Hakunirudisha kwenye visahani. Alinitia kwenye ukumbi wa ndani, akanipa raifo ya kaliba ndogo, ile ya ishirini na mbili, ambayo mlio wake ni kama mtu anayepiga kofi moja. Haina teke. Risasi zake bei nafuu, unapiga asubuhi nzima usijute. Nililala tumboni na kutoboa karatasi, wiki baada ya wiki, mpaka macho yangu yakasahau kufumba. Ndiyo ile uliyoanza nayo wewe, na hukujua kwa nini nilikukalisha nayo muda mrefu ukalalamika.

Ile ndefu nikamuuzia Mflemi mmoja mrefu kama mlingoti. Aliiweka begani, ikakaa kana kwamba ilichongwa kwa vipimo vyake, akavunja kisahani cha kwanza. Haikuwa bunduki mbaya. Ilikuwa ya mtu mwingine. Nami nikanunua hii niliyo nayo, kaliba ishirini, ambayo ni ndogo kuliko kumi na mbili, kwa bibi mmoja wa klabu aliyekuwa anaacha kwa ajili ya mgongo. Imetumika, ina michubuko, na teke lake nalivumilia. Hiyo ndiyo unayoiita ya kike.

Sasa sikiliza kuhusu za mjomba wa Emil, na usiniambie tena kuhusu bei ya kutupa. Kitu cha bei ya kutupa mara nyingi kinauzwa na anayekitupa. Jiulize kwa nini hakuna hata mmoja katika nyumba ile anayeitaka raifo hiyo. Pengine ni kwa sababu kila aliyeipiga aliamka kesho yake na bega kama langu. Risasi za kaliba kubwa hivyo ni ghali, kwa hiyo utapiga chache, na anayepiga chache hajifunzi. Na kulungu huyo bado hujakutana naye. Kwa nini unamnunulia bunduki mnyama usiyemjua, kabla ya kujinunulia wewe? Rudi kwanza kwenye ishirini na mbili. Ukishafaulu mtihani wao ndipo utafute raifo ya kaliba ya wastani, ambayo risasi zake ziko katika kila duka la mji ule. Hakuna fahari katika kutafuta risasi ya ajabu.

Kununua ya zamani si aibu. Ya zamani iliyotunzwa inaishinda mpya ya ovyo. Chungulia mtutu kwenye mwanga, utaona kama kuna kutu. Ile ya marisawa ifunge, ushike mitutu, uitikise. Ikicheza kama jino la mtoto, iache. Halafu funga macho, ipandishe begani, fumbua macho. Jicho lako liwe tayari liko kwenye mstari, bila kuvuta shingo, bila kutafuta. Kama halipo, usibishane nalo. Fundi anaweza kufupisha kitako, lakini muulize bei yake kabla hujanunua, si baada. Na acha fedha ya kabati, ya vizibo vya masikio, na ya risasi nyingi. Bunduki uliyomaliza fedha kuinunua ni pambo la ukutani.

Nilitaka kukuambia haya yote jana, kule klabuni. Ndiyo maana nilikuomba twende mara ya mwisho. Nilidhani nitakuwa na subira. Nikamwomba yule bwana mnene wa siku za Jumamosi akuazime ya kwake, ndefu kama hiyo ya mjomba wa Emil, ili ujionee. Ukapiga, ukakosa. Ukapiga, ukakosa. Ukaniambia jua liko machoni. Palikuwa na mawingu, Zainabu.

Tonton Fidèle aliniona nikiingiza mkono mfukoni. Alitikisa kichwa, hapana. Nikakuwekea ile risasi ya bandia hata hivyo.

Uliruka kama nilivyoruka. Vijana waliokuwa nyuma wakacheka. Nami nikacheka. Si kicheko cha furaha, bali cha "nilikuambia." Ulinisikia, kwa sababu uligeuka ukanitazama, na sitasahau uso ule.

Lakini tazama ulichofanya baadaye. Ulikuwa na hasira, na bado uliifungua bunduki, ukaitoa risasi, ukaiweka mezani imefunguka, mtutu ukielekea uwanjani. Ndipo ukaenda kwenye gari. Mimi katika hasira yangu ya siku ile niliondoka nimesahau bunduki yangu kwenye nyasi, ikabidi nirudi kuichukua. Tena hili hukuliona, kwa sababu ulikuwa umenipa mgongo: tonton Fidèle aliionyesha kwa kidole ile bunduki iliyolala mezani salama, akasema, "Angalia mutoto wako alivyoweka kitu muzuri. Na weye unamucheka. Ile mi nilikufanyia, maman Zai, haukunisemesha miezi. Sasa unamufanyia mutoto, na anaenda mbali."

Nimekasirika na muuzaji, nimekasirika na babu yako aliyekwisha kulala kaburini, na baba yako na chungwa lake, na huyo Emil nisiyemjua na mjomba wake, na wewe kwa kutaka kununua kwa picha. Na nimekasirika zaidi na mwanamke aliyecheka jana, kwa sababu yeye alijua hasa kicheko hicho kinauma wapi.

Niliyoyasema kuhusu bunduki sikuyafuti hata moja. Kile kicheko ndicho ninachokuombea radhi. Nisamehe, mwanangu.

Ukifika, nenda kazishike hizo za mjomba wa Emil, moja moja. Pengine zinakukaa. Wewe ni mrefu kuliko mimi, una mabega ya ukoo wa baba yako. Zikikukaa, zinunue, nami nitakuwa nimekosea, na nitakuja kukupikia huko kwenye theluji ili unicheke kwa zamu yako. Zisipokukaa, mwambie mzee huyo mbele ya Emil na mbele ya yeyote aliyepo: hazinifai. Usiongeze maelezo. Mshukuru kwa chai, uvae koti, uondoke.

Kesho nitakuendesha mpaka uwanja wa ndege. Ukitaka kuninunia njia nzima, ninunie, redio tutaiwasha. Begi zito nitabeba mimi, usibishane. Asubuhi nitagonga mlango wako. Usipoitikia nitagonga tena, na tena, mpaka uitikie hata kwa kunifokea.

Mama yako, ambaye hasira yake bado haijaisha